Jiwe limebanwa, vipi waseme limevutwa?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni fundi mwashi, naishi Langoni, Lamu. Nina kazi ya nyumba ya ghorofa moja, mawe ya kukata kutoka kisiwa cha Manda, ukuta wa sentimita 20. Mwenye nyumba hataki kuona zege. Ataka linta, yaani boriti fupi zinazobeba ukuta juu ya milango na madirisha, ziwe jiwe zima: uwazi wa mita 1.2, kina sentimita 20, upana 20. Tulipeleka mawe maabara Mombasa. Ripoti yasema nguvu ya kugandamizwa ni megapaskali 14 (nyutoni 14 kwa kila milimita ya mraba) kwa wastani, na nguvu ya kuvutwa kwa njia ya Kibrazili ni 1.4 kwa wastani, ya chini kabisa 0.8 na ya juu 2.1, diski sita za milimita 54. Mimi nilikuwepo. Jiwe lilibanwa juu na chini, hakuna aliyelivuta. Sasa wasemaje limevutwa? Na hiyo 1.4, yatosha nisimamishe linta ya jiwe?

JIBU: Marahaba, fundi. Nianze na swali lako la mwisho, maana mwenye nyumba anangoja. Dirisha ambalo juu yake pana ukuta mtupu tu mpaka kwenye paa, linta ya jiwe hilo yaweza kusimama, kwa masharti nitakayoyataja. Mlango au dirisha ambalo vichwa vya boriti za ghorofa vimelala karibu na linta, usijaribu, hata mwenye nyumba akasirike. Hesabu iko chini, mwonyeshe. Ila kwanza tuliondoe hilo fumbo la kubanwa na kuvutwa, kwa sababu ukilielewa utajua pia kwa nini hiyo 1.4 si ya kuaminiwa kama ilivyo.

Macho yako hayakukudanganya. Kulivuta jiwe waziwazi kunawezekana: unachonga silinda, unagundisha vifuniko vya chuma kila upande kwa epoksi, unavuta mpaka likatike. Taabu yake ni kwamba mvuto ukienda upande hata kidogo, jiwe linapinda. Ubavu mmoja unabeba kuliko mwenzake, linakatika mapema, na unaandika namba ndogo kuliko stahili yake. Jiwe lenye matundu kama la Manda lina vituko zaidi: gundi inanywewa ndani, au linabanduka pale pale kwenye kifuniko. Ndiyo maana maabara nyingi hazitaki kusikia habari hiyo, wakakimbilia diski.

Diski inakatwa kutoka kwenye silinda iliyotobolewa kwa bomba lenye almasi mdomoni. Kipenyo milimita 54 au zaidi, unene karibu nusu ya kipenyo. Halafu hailazwi, inasimamishwa kwa ukingo wake kama gurudumu, katikati ya taya mbili za chuma zilizopinda kidogo. Mzigo unaingia kwa mstari mwembamba juu na kutokea kwa mstari mwembamba chini. Jiwe likibanwa hivyo, linafupika wima na mbavu zake zinataka kutoka nje, kulia na kushoto. Kinachozizuia zisitoke ni jiwe lenyewe lililo katikati, na huko kuzuia ndiko kuvutwa. Kwa hiyo kwenye mstari wa wima unaopita kitovuni, jiwe linabanwa kutoka juu na papo hapo linavutwa kwenda pande mbili.

Hapo kitovuni mbano wa wima ni mara tatu ya mvuto wa kulala. Utauliza, kwa nini basi lisivunjike kwa kubanwa, ikiwa mbano ndio mkubwa? Kwa sababu jiwe ni hodari wa kubanwa na mnyonge wa kuvutwa. Ripoti yako inasema 14 kwa 1.4, yaani mara kumi, na hiyo ni kawaida ya mawe mengi. Mvuto unafika kikomo chake wakati mbano haujafika hata theluthi ya uwezo wake, na jiwe linapasuka katikati, wima, vipande viwili.

Hesabu yake ni fupi: mzigo uliovunja diski uuzidishe kwa mbili, kisha ugawe kwa pai mara kipenyo mara unene. Diski ya milimita 54 kwa 27 yenye nguvu ya 1.4 huvunjika kwa takribani nyutoni 3,200, ambazo ni uzito wa kilo 330 hivi. Mwongozo wa mwaka 1978 wa chama cha kimataifa cha mekanika ya miamba, ISRM, unataka mzigo uongezwe kwa nyutoni 200 kila sekunde. Kwa hiyo ulichokitazama kilichukua kama sekunde kumi na sita, na kama ulikuwa unapokea simu ulikikosa.

Jina la Brazili lina kisa ambacho fundi atakipenda. Mjini Rio de Janeiro, miaka ya 1940, walikuwa wanapasua barabara kubwa, Avenida Presidente Vargas, na kanisa la zamani la São Pedro lilikuwa katikati ya njia. Likatolewa wazo la kulisogeza zima zima juu ya magogo ya zege. Mhandisi Fernando Carneiro alipoyajaribu magogo hayo kwa kuyabana ubavuni, aliona yanapasuka wima katikati. Akatambua kwamba mpasuko huo unampa nguvu ya kuvutwa ya zege bila kulivuta, na mwaka 1943 akaitangaza njia yake. Kanisa halikusogezwa. Lilibomolewa. Kipimo ndicho kilichobaki, na leo kinatumika kwa zege na kwa miamba ulimwengu mzima.

Sasa tuje kwenye ripoti yako, na hapa nitakaa kidogo.

Kipimo hiki ni halali kwa sharti moja: ufa uanzie katikati ya diski. Ukianzia mdomoni, pale taya zinapogusa, umepima namna chuma kilivyolitafuna jiwe na hukupima kuvutwa. Taya zilizopinda ziliwekwa kupunguza hilo. Uliza vile vipande vilivyovunjika viko wapi. Nusu mbili safi zenye mstari ulionyooka toka juu hadi chini, na labda vikabari vidogo vya unga pale penye kugusa, hiyo ni diski nzuri. Vipande vitatu au vinne, au ufa uliokwenda kombo ukatokea ubavuni, diski hiyo isingehesabiwa. Maabara makini huipiga picha kila diski kabla na baada. Kama ripoti yako haina picha, waombe. Na kama vipande vimeshatupwa, basi hujui kama ile 0.8 ni jiwe dhaifu au ni diski iliyoharibika, wala kama ile 2.1 ni jiwe imara au ni diski iliyobahatika kutokuwa na tundu.

Na matundu ndiyo habari yenyewe. Jiwe la Manda ni mwamba wa matumbawe ya kale: matawi, makombe na mchanga vilivyoshikana, na kati yake mapango madogo. Kanuni ya kuchagua sampuli ni kwamba kipenyo kiwe angalau mara kumi ya chembe kubwa iliyomo. Wewe unayajua mawe hayo kuliko mimi. Tundu la kuingia kidole gumba si ajabu. Diski ya milimita 54 yenye tundu la milimita 15 haipimi mwamba, inapima tundu. Na diski iliyokatwa mahali pasipo tundu inapima kipande kizuri cha jiwe ambacho hakifanani na linta yako. Hata mkataji huchangia: silinda ikivunjika kwenye bomba kwa sababu ya pango, anaitupa na kutoboa nyingine. Zile zinazofika kwenye mashine ni zile zilizonusurika. Kwa mawe yenu ningetaka diski za milimita 100 au hata 150, na zisiwe sita. ISRM wenyewe wanapendekeza kumi.

Kuna la tatu. Diski hutoa namba kubwa kidogo kuliko kuvuta kweli. Mwaka 2014 Perras na Diederichs walikusanya vipimo vya aina zote mbili wakavilinganisha. Kwa miamba ya mashapo, na chokaa ya matumbawe imo humo, nguvu ya kuvuta kweli ilikuwa karibu asilimia 70 ya ile ya diski. Basi 1.4 yako iite 1.0 kwa makadirio, na 0.8 iite 0.56. Kwa linta mimi hufuata ya chini. Wastani ni wa ukuta, ambako jiwe bovu likilegea wenzake wanalibeba. Linta iko peke yake.

Tofauti hii kubwa kati ya 0.8 na 2.1 isikutishe wala usidhani maabara ni wababaishaji. Ndivyo vitu vinavyopasuka vilivyo. A. A. Griffith, mhandisi Mwingereza aliyefanya majaribio ya vioo, alionyesha mwaka 1921 kwamba kioo hukatika kwa nguvu ndogo sana kuliko inavyotarajiwa kwa sababu kina nyufa ndogo ndani, na kila ncha ya ufa hukusanya mkazo, yaani nguvu kwa eneo. Ufa mrefu zaidi ndio unaoamua. Alipoendeleza hesabu mwaka 1924 alipata kwamba kitu chenye nyufa za namna hiyo kitastahimili kubanwa mara nane ya kuvutwa, na miamba halisi mara nyingi huzidi hapo. Matokeo yake kwako ni haya: jiwe kubwa lina nafasi kubwa ya kuwa na ufa mrefu kuliko diski ndogo. Linta ya mita moja na robo usitegemee iwe imara kuliko diski yake. Mara nyingi itakuwa dhaifu zaidi.

Kipo kipimo kinachouliza moja kwa moja ufa unastahimili kiasi gani kabla haujakimbia. Wanachukua nusu ya diski, wanakata mfuo mwembamba kwa msumeno wa almasi katikati ya upande ulionyooka, wanaiweka juu ya vyuma viwili na kuibana juu kwa kimoja. ISRM walikitolea mwongozo mwaka 2014. Jibu lake hutolewa kwa megapaskali mara kipeuo cha pili cha mita. Miamba mingi migumu hucheza kati ya 0.5 na 2.5, na jiwe laini lenye matundu huwa chini huko. Je, ukilipie? Kwa linta za nyumba, hapana, ni kutupa pesa. Na ncha ya mfuo ikiangukia kwenye pango namba haina maana yoyote. Ningekilipia kwa kazi nyingine, mfano mwambao wa Malindi pale kwenye nguzo ya Vasco da Gama. Mwamba wa matumbawe uliotokeza baharini huliwa na mawimbi kwa chini, sehemu ya juu ikabaki inaning'inia. Jiwe linaloning'inia huvutwa kwa juu, ufa huanzia huko na kushuka, na anayetaka kujua kipande kitaanguka lini inampasa ajue ufa unakwenda kwa nguvu ipi. Linta yako ni kinyume chake: imeshikwa pande mbili, inavutwa kwa chini, na ufa utaanza kwenye uso wake wa chini.

Hesabu sasa. Nimechukua uzito wa jiwe kuwa tani 1.8 kwa mita ya ujazo. Pima lako, halitaenda mbali na hapo.

Dirisha lenye ukuta mtupu. Ukuta ukiwa umefungamana vizuri, mawe yanapandana, linta haibebi ukuta wote. Inabeba pembetatu tu iliyo juu yake, kimo sentimita 60 katikati, uzito wa kilo 130 hivi. Ongeza uzito wa linta yenyewe, kilo 90 hivi. Mkazo wa kuvutwa chini ya linta unatoka megapaskali 0.29. Ukilinganisha na 0.56 yetu, una akiba ya karibu mara mbili. Si akiba ya kujivunia, ndiyo maana nikasema kwa masharti.

Mlango wenye sakafu juu yake. Chukua chumba cha upana wa mita 2.8, sakafu ya boriti, mawe na chokaa, unene sentimita 30 kwa jumla. Nusu ya sakafu inaegemea ukuta huo: karibu kilo 760 kwa kila mita ya ukuta, kabla hujaweka mtu wala kabati. Sakafu hiyo ikiwa karibu na linta, ndani ya ile pembetatu, inaongeza mkazo wa 1.0. Jumla 1.3. Umeshapita 0.56, umeshapita hata 1.0 ya wastani. Jiwe linaweza kusimama siku ya kwanza kwa bahati ya kuwa ni lile la 2.1. Nani atalala chini yake?

Na tundu? Tuseme chini katikati ya linta pana pango la kina cha sentimita 4. Kina kinachofanya kazi kinabaki 16, na kwa kuwa kina huhesabiwa kwa kipeo cha pili, ile 0.29 ya dirisha inapanda hadi 0.45, bado hatujahesabu kinachokusanyika kwenye ncha ya pango lenyewe. Akiba karibu yote imekwisha. Kwa hiyo uso wa chini wa linta ndio wa kuchagua kwa macho na kwa mkono. Matundu yageuze yaelekee juu, huko jiwe linabanwa, ncha ya tundu haivutwi na hatari hupungua.

Wazee waliojenga Mkomani, mtaa wa kale wa mji wa Lamu, hawakuwa na mashine, lakini tazama walichokifanya. Jiwe waliliweka linapobanwa: kuta nene. Penye kupinda waliweka mti. Upana wa chumba ukaamuliwa na boriti ya mkoko, mita mbili na nusu hadi tatu, na vipande vya mawe vya dari vikakaa juu ya boriti zilizokaribiana, kila kipande kikivuka pengo dogo tu.

Kwa linta za madirisha usitegemee ripoti, zijaribu zenyewe, kila moja. Ilaze juu ya magogo mawili yaliyoachana mita 1.2, kimo cha shubiri moja tu kutoka kwenye mchanga, uso wa chini ukiwa ule ule utakaokuwa chini ukutani. Weka mifuko mitano ya saruji katikati, mmoja mmoja, taratibu, iwe imerundikwa juu ya ubao mwembamba uliokatiza linta. Kilo 250 hapo katikati pamoja na uzito wa jiwe huleta mkazo wa 0.65, zaidi kidogo ya mara mbili ya kazi yake. Miguu iwe mbali na chini ya jiwe. Iache saa nzima, kisha lowesha uso wa chini kwa maji na uangalie likikauka: penye ufa mwembamba mstari hubaki na unyevu baada ya pengine kukauka. Lenye mstari unaokatiza upana, lipeleke ukutani likakae na wenzake.

Jaribu hilo lifanye jiwe likiwa limelowa, limeshinda usiku kwenye pipa. Chokaa yenye matundu hupungua nguvu ikinywa maji, na ufa uliobebeshwa mzigo huweza kutambaa polepole kwa miaka, maji yakiusaidia nchani, hata kama mzigo hauongezeki. Kwenye ripoti yako sikuona kama diski zilikuwa kavu au mbichi. Ziko hivyo nyingi, hukaushwa kwenye oveni ndipo zivunjwe, na nyumba ya Lamu haijawahi kuwa oveni.

Milango yenye sakafu juu yake mpe mwenye nyumba chaguo mbili. Tao la mawe: kila jiwe linabanwa, na 14 yako ndiyo inayofanya kazi, si 1.4, ila kuta za pembeni ziwe na upana wa kuzuia msukumo, usiliweke tao karibu na pembe ya nyumba. Au linta ya zege yenye nondo, iliyorudi ndani sentimita tano, usoni ukaivalisha vipande vya jiwe na lipu ya chokaa. Zege halitaonekana.

Ukipeleka mawe tena Mombasa, yatie alama ya rangi machimboni kabla hayajang'olewa, mshale unaoelekea juu. Mwamba huo una tabaka, na diski inayopasuka kufuata tabaka hutoa namba tofauti na inayokatiza. Waambie unataka ipasuke kwa njia ambayo linta yako itapasuka, nusu ya diski ziwe kavu na nusu zilizolowa, na vipande vyote virudishwe kwako kwenye mifuko yenye namba.